Mpe Mzee Kijana: Kumuaga Bi Toleo wa Chumba cha Michoro

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, Bi Toleo atafunga mlango wa chumba cha michoro na kukabidhi ufunguo baada ya miaka thelathini na tatu ya utumishi. Au thelathini na nne. Ubao wa korido ya utawala unasema thelathini na moja. Nimekwenda ofisi ya utumishi mara mbili kuuliza, na mara zote mbili nimetoka nikijua kidogo kuliko nilivyoingia. Barua yake ya ajira ni ya miaka thelathini na tatu iliyopita; lakini kabla ya barua alifanya kibarua stoo kwa mwaka mzima, na huo mwaka yeye anauhesabu; na ubao uliandikwa miaka miwili iliyopita, haujaguswa tangu hapo. Bi Toleo aliposikia habari za ubao alitaka kujua tu kwa nini haukuwekwa tarehe pembeni. Nimeamua kuandika thelathini na tatu, na mwenye malalamiko aende ofisi ya utumishi, tukutane huko.

Mimi ninayeandika ni mchoraji wa meza ya dirishani, na nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na miwili. Niliombwa kurasa chache za kuchangamsha sherehe, nikakubali haraka nikidhani ni kazi ya asubuhi moja. Sasa ni wiki ya tatu, na mnachosoma ni toleo E. Toleo A lilikuwa sifa tupu, mtu angedhani namwandikia malaika. B lilikuwa fupi mno. C lilikuwa na utani ambao mkurugenzi aliukata kwa kalamu nyekundu. D nililichana mwenyewe, Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya kukuta kitu ndani ya rejista ya zamani. Nilikuwa natafuta tarehe. Tarehe nimeipata, ila nimegundua pia kwamba jambo nililoliamini kwa miaka kumi na miwili huenda lilikuwa kinyume kabisa, na tangu hapo kichwa changu hakijakaa sawa.

Jambo lenyewe wengi mnalijua juu juu. Katika ratiba ya leo, baada ya hotuba ya mkurugenzi, kuna zawadi, kuna picha ya pamoja, kuna chai. Hakuna Cheti cha Utumishi Uliotukuka. Cheti hicho hapewi mtu ambaye jalada lake lina barua ya onyo, na jalada la Bi Toleo lina barua moja, ya tangi la kilimani. Barua moja tu kwa miaka yote hiyo, na cheti hakuna. Nimeshauriwa nisiiguse habari hiyo kwenye wasifu. Nitaigusa, ila kwanza nieleze kazi yake, maana bila kuielewa kazi hata barua haieleweki.

Bi Toleo hachori. Nalisema hili kwa sababu shemeji zake wawili, waliokuja wiki iliyopita kumsaidia kubeba vitu vyake, walinishika mkono getini wakinipongeza kwa kufanya kazi na mchoraji hodari. Wanaochora ni sisi, na wanaobuni ni wahandisi. Yeye anatunza na kugawa. Mchoro wa kihandisi si picha ya ukutani ambayo ikishakamilika imekamilika. Leo mhandisi anaweka bomba hapa. Kesho mpimaji anakuta mwamba. Keshokutwa barabara inahamishwa. Na kila mara mchoro unabadilika na kupewa herufi mpya kwenye kona ya chini kulia, A, B, C, na kuendelea. Shida ni kwamba ule wa zamani haufi. Upo kwenye gari la mtu, upo kwenye begi la fundi, umebandikwa kwenye ukuta wa kibanda cha saiti, na unafanana na mpya kwa kila kitu isipokuwa hiyo herufi moja na mistari michache. Fundi akiushika huo atajenga vizuri kabisa kitu ambacho hakitakiwi. Kazi ya Bi Toleo ilikuwa kuhakikisha kila aliyeshika mchoro ameshika ulio hai, na kwamba ya zamani yote imerudi mezani kwake, imepigwa mhuri mwekundu wa UMEBATILISHWA na kulazwa kabatini.

Sheria yake ilikuwa moja: leta mzee, chukua kijana. Mzee ni mchoro wa zamani, kijana ni mpya. Hukupewa kijana bila kurudisha mzee, hata uwe nani. Mhandisi mkuu aliwahi kufika mikono mitupu, akaeleza kwamba mchoro wa zamani ameusahau nyumbani, akajibiwa kwa upole kwamba nyumbani si mbali. Akaenda kuuchukua, tena kwa miguu, kwa sababu dereva alikuwa amekwenda saiti. Lugha hiyo ilienea mpaka ikawa yetu sote. Mgeni akipita koridoni anasikia mtu akiuliza kwa sauti, "Mzee wa pampu yuko wapi?" na mwingine akijibu, "Nimemwacha kwenye buti la gari," naye anaanza kuangalia kushoto na kulia akitafuta njia ya kutokea.

Huko saiti walimwogopa. Mafundi wana tabia ya kuupa mchoro wa zamani kazi nyingine: kufunikia saruji, kutandika meza, kukunja kofia ya jua. Bi Toleo akifika alikuwa hasalimii kwanza, anainua kitambaa cha meza na kusoma kona. Siku moja, katika mgahawa wa wafanyakazi, alitambua toleo A la nyumba ya pampu likiwa limetandikwa kwenye rafu ya vikombe. Akashusha vikombe vyote arobaini, akavipanga sakafuni, akachukua mchoro wake, akaaga. Mpishi anasema vikombe vilikuwa sitini na kimoja kilivunjika. Bi Toleo anasema hakuna kilichovunjika. Sijui nimwamini nani, na nimeacha kujaribu.

Kisa cha bomba lililopasuka darini ndicho kimenichosha zaidi. Mlinzi anaapa kwamba Bi Toleo alibeba makabati matano ya michoro peke yake kabla maji hayajafika. Tarishi anaapa kwamba hakubeba kitu, alipanda juu ya kabati na kutuelekeza kwa rula kama askari wa barabarani. Nilimuuliza yeye mwenyewe, akasema wote wawili wanachanganya, bomba lilipasuka ghorofa ya juu, kwenye chumba cha uchapaji, na siku hiyo yeye alikuwa likizo. Sasa mimi nakumbuka vizuri kabisa nikiwa nimelowa mpaka magotini, na sijawahi kufanya kazi ghorofa ya juu.

Kompyuta zilipoletwa, baadhi yetu tulidhani ataachwa nyuma. Waliobaki nyuma ni sisi. Kuna mhandisi alihifadhi mchoro mmoja kwa majina manne: tangi mwisho, tangi mwisho kabisa, tangi mwisho sasa, na tangi mwisho tumia hii. Bi Toleo alimwita, akamkalisha, akamuuliza, "Mwisho wa nini?" Mhandisi akaeleza kwamba maana yake ni wa karibuni kabisa. Akaulizwa kama hautabadilika tena, akasema utabadilika. Akaambiwa basi huo si wa mwisho, na kama ni wa mwisho, yule mwenzake wa mwisho kabisa ni nani? Jamaa alitoka pale jasho linamtiririka. Tangu siku hiyo neno hilo lilipigwa marufuku chumbani kwetu, kwenye kompyuta na midomoni, na hata kwenye foleni ya chai ukiuliza nani wa mwisho hupati jibu.

Mhuri wake mwekundu nao una historia. Mhandisi mkuu, yule yule wa nyumbani si mbali, aliegemea meza ambako mchoro ulikuwa umegongwa muda huo huo, kisha akaenda kwenye kikao cha wafadhili na shati jeupe. Kwenye mkono wa shati lake palisomeka kwamba amebatilishwa, herufi zikiwa zimegeuka, kwa hiyo aliyegundua ni mjumbe aliyekaa mbele ya kioo. Bi Toleo alipoambiwa hakucheka hata kidogo. Alisema jambo zuri ni kwamba mhuri ulikuwa na tarehe.

Nyumbani pia hakuwahi kulegea. Mume wake ni fundi cherehani, na ndiye aliyenisimulia haya huku akipima suruali ya mtu. Orodha ya sokoni ina herufi. Akitoka na toleo A, kisha simu ikapigwa kuongeza sabuni, hilo tayari ni toleo B, na akirudi anaulizwa A liko wapi. Vipimo vya wateja wake vyote sasa vina tarehe, kwa sababu wateja wananenepa, na mkewe alikataa katakata kiuno cha miaka mitatu iliyopita kiendelee kutumika. Mzee huyo, namaanisha mume, si mchoro, anakiri kwamba tangu hapo hajarudishiwa suruali hata moja.

Michoro zaidi ya elfu kumi na moja imepita mikononi mwake: matangi, nyumba za pampu, mitaro, madaraja ya mabomba. Wakaguzi wa mwaka juzi walichagua michoro mia moja kwa kubahatisha, wakazunguka saiti zote kuilinganisha na rejista, wakakuta yote mia iko sawa. Hawakuamini. Wakachagua mingine mia. Mkuu wao aliniuliza pembeni kama huyu mama ana watu wangapi chini yake, nikamwambia nipo mimi, na mimi ni mchoraji.

Sasa tangi la kilimani. Nitakwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo ninapopotea.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa na miezi mitano kazini, bado nipo kwenye muda wa majaribio. Mchoro namba 3 wa tangi lile, toleo C, ulionyesha bomba la kutolea maji likiwa upande wa mashariki. Barabara ikahamishwa, mabomba ya mtaa yakahama nayo, na toleo D likapeleka bomba la tangi magharibi. Fundi mkuu wa saiti alikuwa amesharudisha C siku ya Jumatatu, kama sheria inavyotaka, akawa anasubiri D lisainiwe. Lilisainiwa Alhamisi asubuhi. Wino haujakauka, Bi Toleo akapigiwa simu kwamba binti yake ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Akaacha nakala mbili mezani, C na D. C lilikuwa bado halijapigwa mhuri mwekundu, kwa sababu taratibu ni kulipiga baada ya D kupokelewa saiti. Akaandika kikaratasi kwa herufi kubwa, kama alivyozoea, akakibandika kwenye taa ya meza yangu, akatoka mbio. Kikaratasi kilisema: TANGI, MCHORO WA 3. MPE MZEE KIJANA.

Kuna jambo ambalo wafanyakazi wote wa zamani walilijua na mimi sikulijua. Yule fundi mkuu wa saiti naye anaitwa Mzee. Nywele zake zilikuwa nyeupe tangu hajafika miaka arobaini, na jina likamganda.

Mchana akaja mtu kuchukua mchoro. Hakuwa fundi mkuu. Yeye alibanwa na kazi ya nondo, akamtuma mpimaji, dada wa miaka ishirini na tisa, kijana kwa hesabu yoyote ile. Nikasoma kikaratasi. Mpe mzee kijana. Huyu hapa kijana amefika, basi nimpe mzee, na mzee kwa lugha ya chumba chetu ni mchoro wa zamani. Nakumbuka nilishangaa kidogo. Kwa nini atoe C na D limesainiwa asubuhi? Lakini mimi ni mtu wa miezi mitano na yeye ni Bi Toleo, nikajiambia lazima ana sababu zake. Nikampa C. Nikaandika kwenye rejista kwa namba ya mhuri wa Bi Toleo, kwa sababu mimi sikuwa bado na namba yangu.

Saiti wakajenga kwa C, tena wakajenga vizuri. Zege likamwagwa bomba likiangalia mashariki, mahali ambapo hapakuwa tena na kitu cha kuunganisha. Ilichukua wiki tano kubomoa na kumwaga upya, na kwa wiki hizo zote watu wa mitaa mitatu waliendelea kuchota maji kwa ndoo. Kamati ya watu watatu ikaundwa. Mimi niliulizwa nilifuata agizo gani, nikatoa kikaratasi, nikakisoma, nikakifafanua: kijana apewe mchoro wa mzee. Wakaandika. Bi Toleo aliulizwa swali moja tu, kama mwandiko ule ni wake. Akasema ni wake, na hakuongeza neno. Akapewa barua ya onyo kwa kuagiza toleo la zamani litolewe, na ukuu wa kitengo, ambao kila mtu alijua unamsubiri yeye, ukaenda kwa mwingine.

Na mimi, jamani, nilimsamehe. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilimsamehe kimoyomoyo na nikajiona mtu mwema kwelikweli. Kwa miaka kumi na miwili, kila alipozungumzia umakini, nilikuwa naangalia pembeni kwa heshima nisimkumbushe. Kuna siku niliwaambia wanafunzi wa chuo waliotutembelea kwamba hata mabingwa huteleza, na sikumtaja, nikajipongeza kwa ustaarabu wangu.

Hiyo Jumanne ya wiki iliyopita nimekikuta kikaratasi kimegandishwa kwa gundi kwenye ukurasa wa siku ile. Nikakisoma kwa sauti, taratibu, na kwa mara ya kwanza nikakisikia kikisema jambo jingine: mpe Mzee, yule fundi, kijana, yaani toleo jipya. Nikasoma tena, kikarudi kusema nilivyosoma zamani. Nikasoma mara ya tatu, kikageuka. Maneno matatu tu, na kila nikiyakodolea macho yanabadilisha upande.

Nikaanza kuzunguka nacho ofisini. Dereva akasema bila kusita kwamba fundi apewe mchoro mpya. Katibu muhtasi akasema bila kusita kwamba mchoro wa zamani apewe kijana, kisha akauliza kijana gani. Mhandisi wa barabara alisema sentensi hiyo inahusu ndoa, na yeye hataki kuingilia mambo ya watu. Mpimaji mwenyewe, ambaye leo ni mkuu wa wapimaji, alikumbuka kwamba nilimsomea kikaratasi mlangoni, na kwamba alikerwa kidogo kuitwa kijana. Jumla, waliosoma kama mimi walikuwa saba, waliosoma vingine tisa, na mmoja alisema yuko upande wowote utakaonisaidia. Nilirudi mezani kwangu nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka.

Lakini katika mkanganyiko wote huo kuna vitu vitatu havikuwa na utata hata siku ile. D lilikuwa mezani. Lilikuwa limesainiwa. Na simu ilikuwa pembeni yangu. Nilishangaa na sikuuliza, kwa kuogopa kuonekana sijui. Swali moja lingetosha, hata angelijibu akiwa kwenye benchi la hospitali.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo nilimwendea. Alikuwa anafuta vumbi kabati la juu, amesimama kwenye kile kigoda chake. Nikaweka kikaratasi mezani. Akashuka, akakitazama, akasema, "Kumbe kingalipo hiki?" Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akanieleza kwamba siku ile mbele ya kamati, aliponisikia nikifafanua, ndipo na yeye alipoona kwa mara ya kwanza kwamba maneno yake yanasomeka namna mbili. Alikuwa ametumia miaka ishirini na moja kuwaambia watu kwamba mchoro unaosomeka namna mbili ni mtego, na hapo mtego ulikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Waliposema kosa ni lake, hakuona la kubisha.

Nikamuuliza kama haikuwa pia kwa sababu nilikuwa kwenye majaribio na wangenifukuza. Akasema hakumbuki. Bi Toleo, anayekumbuka herufi ya kila mchoro uliowahi kuingia chumbani mle, akasema hakumbuki. Sijui nifanye nini na jibu hilo. Nimelibeba nyumbani, nimelirudisha ofisini, na bado sijui. Kama alijiona mkosaji kweli, basi mimi nimekuwa mjinga kwa miaka kumi na miwili. Kama alinikinga, basi kazi ninayoifanya, nyumba ninayokaa na watoto ninaosomesha vyote nimevipata mgongoni kwake, na yeye alikuwa akinitengea chai kila saa nne kama hakuna kilichotokea.

Akaniambia niache, yameshapita, watu waje wale keki wafurahi. Nikakubali. Nilipofika mlangoni akaniita. "Mwanangu," akasema, "ukishindwa kuacha, basi andika isomeke namna moja."

Nimeshindwa kuacha. Jumatatu nilipeleka barua yangu ya kukiri kosa ofisi ya utumishi. Wamenijibu kwamba kamati ile ilishavunjwa, jalada lilishafungwa, na hawana hakika kama barua ya mtu mmoja inaweza kuingia kwenye jalada la mwingine, wanaulizana. Mkurugenzi ameisoma, ameikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa koti, na nimeshindwa kuelewa mfuko huo una maana gani. Kijitabu hiki kinakwenda kuchapwa nikiwa sijui kama leo mtaona cheti au hamtakiona.

Kwa hiyo naliandika hapa. Nimewapa dereva na katibu muhtasi walisome, na safari hii wote wawili wamesoma kitu kimoja. Aliyempa mpimaji toleo C la tangi la kilimani ni mimi, mchoraji wa meza ya dirishani. Bi Toleo aliagiza litolewe toleo D. Barua ya onyo iliyomo katika jalada lake ilistahili kuwa katika jalada langu.

Bi Toleo, asante kwa maelfu ya michoro iliyowafikia waliohitaji kwa wakati, na kwa niaba ya watu wanaofungua bomba asubuhi na maji yanatoka, bila kujua kwamba kuna mtu kama wewe. Nenda ukapumzike na mumeo. Yule mjukuu aliyezaliwa Alhamisi ile sasa yuko darasa la sita, mpe nafasi akuchoshe anavyotaka. Sote wa ofisi hii tunakuombea afya, siku tulivu na miaka mingi ya furaha.

Na mimi nakuomba radhi, mbele ya mumeo, wanao na wenzetu wote. Safari hii tafadhali usiseme hukumbuki.